Mtandao Uitwao Mbinga

Jumatatu, saa nne na dakika chache asubuhi, laptop ya Bi Darlene, meneja wa ofisi, ilikatika wifi kwa mara ya tatu ndani ya wiki mbili, na safari hii alikuwa na mteja mezani. Hakupiga simu kuomba msaada kama utaratibu wa ofisi unavyotaka. Aliibeba ikiwa wazi vile vile, akapita nayo katikati ya ofisi nzima huku watu wakimtazama, akaibwaga mbele ya Modestus kama mtu anayerudisha dukani nyama iliyooza.

"Rekebisha," alisema.

Modestus Ngonyani alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika ofisi ile ya kusafirisha mizigo pale Euless, Amerika, kando ya uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege hupita juu ya paa mpaka kahawa inatikisika kikombeni. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye bidii, na mwenye kasoro moja: kusema "sijui" kulimuuma kuliko jino bovu. Aliizima wifi ya laptop ile, akaiwasha, ikarudi.

"Imekaa sawa, Bi Darlene."

"Hata Ijumaa ulisema imekaa sawa."

Kwenye mlango wa chumba cha mikutano mtu alikuwa amebandika karatasi: *Wifi ya Mo. Hupatikana ikipenda.* Mo ndiye yeye. Jina la Modestus liliwashinda siku ya kwanza na hawakujaribu tena. Kila siku aliiona karatasi ile na kila siku aliicheka mbele za watu, maana ofisi zile ukinuna wanasema huna utani, na asiye na utani hadumu. Chini, kwenye zulia, nyaya za buluu alizotandaza kuwasaidia waliokatikiwa zilikuwa zimewakwaza watu wawili, na mmoja wao alikuwa bado anachechemea makusudi kila akipita mezani kwake.

Bi Darlene alipoichukua laptop yake aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ya chini ndiyo iliyomtisha Modestus kuliko kelele zote.

"Mkataba wako unakwisha Ijumaa, Mo. Makao makuu Houston wananiuliza habari zako. Nipe kitu kizuri cha kuwajibu."

~

"Na wasipouongeza?" aliuliza Apolonia jioni ile.

"Kazi inakwisha. Kazi ikiisha, viza inatuachia siku sitini za kuondoka nchini."

"Sitini kuanzia lini?"

"Siku hiyo hiyo."

Apolonia alikuwa anapasha mahamri na mbaazi. Viza yake ya mke haikumruhusu kufanya kazi, kwa hiyo hofu zote alikuwa akizilia nyumbani, na alikuwa na muda wa kuzila vizuri. Binti yao Clara, miaka mitatu, alisukuma sahani.

"I don't want mbaazi. I want Bibi's cookies."

"Bibi Rukaya hajaleta visheti leo, kaleta mahamri. Kula."

Huyu Bibi Rukaya hakuwa ndugu yao wa damu. Alikuwa mama wa Mombasa, mjane wa miaka sitini na moja, aliyefanya kazi ofisi moja na Modestus, kule nyuma kwenye chumba cha nyaraka, akipanga karatasi za mizigo kwenye makasha. Clara alipozaliwa, Apolonia akiwa hana mama wala shangazi bara zima la Amerika, Bi Rukaya alikuja siku arobaini mfululizo. Alikuwa akitoka kazini na miguu imevimba, anachemsha maji, anamkanda mzazi tumbo na mgongo, anamfunga kanga, anapika uji wa pilipili manga, kisha anarudi kwake. Hakuomba kitu. Tangu hapo Jumapili ilikuwa siku yake, na chochote kilichozidi nyumbani kwa Modestus kilikuwa chake pia.

"Baba Clara," alisema Apolonia, "hiyo wifi ni lazima uipate. Mimi sijui utafanyaje, ila uipate."

"Nita-check kila kitu upya. Nitaipata."

~

Aliipata Jumatano, na heri asingeipata.

Ni hivi. Kila laptop inapoingia kwenye wifi huomba anwani, mfano wa mgeni anayeomba namba ya chumba mapokezi. Pale ofisini anwani hugawiwa na mashine moja tu, iliyofungiwa kwenye kabati la chuma. Jumatano ile Modestus alipoichungulia laptop iliyokatika, akaona anwani yake haikutoka kwenye kabati. Ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa. Akaitazama ya pili, nayo vile vile. Kumbe wifi haikuwa mbovu hata kidogo. Kulikuwa na mgawaji mwingine mle ndani, anayewapa watu namba za vyumba visivyokuwapo.

Hapo hapo akaelewa na kwa nini laptop zilikuwa zikikatika saa nne siku zote. Kikao cha asubuhi kilikwisha saa nne, watu wakarudi mezani, wakafungua laptop walizokuwa wamezifunga, zote zikaomba anwani upya. Asiyefunga yake hakupatwa. Na huyo mgawaji wa pili alikuwa akiamka wakati huo huo.

Mtu mwenye busara angenyamaza kwanza, akamtafuta mgawaji, ndipo akasema. Lakini Modestus alikuwa amechekwa wiki mbili nzima. Alikwenda kwa Bi Darlene karibu anakimbia.

"Si wifi yetu. Kuna kifaa kigeni ndani ya jengo, mtu amekichomeka. Nitakipata kabla ya saa sita."

Bi Darlene akapiga simu Houston, makao makuu, akaifungulia spika. Mkuu wa usalama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kifaa kisichojulikana, kwenye ofisi yenye nyaraka za mizigo ya ndege," alisema. Hakuwa anauliza. "Nakitaka hicho kifaa. Na nalitaka jina la aliyekiweka. Kwa maandishi, kesho saa tatu asubuhi."

"Ndiyo, bwana," alijibu Modestus. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kujisikia mtu, na raha hiyo aliionja kwa muda wa robo saa tu.

Swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote za mtandao, ilimwonesha kwamba kifaa kilikuwa kimechomekwa tundu la thelathini na moja. Orodha ya matundu ikasema thelathini na moja ni chumba cha nyaraka. Ni pale alipofanya kazi Bi Rukaya; wazo hilo akalipuuza. Akashika njia ya kwenda nyuma, ghalani, simu yake binafsi mkononi. Kwenye ukumbi wa mwisho simu ikatetemeka. Alama ya wifi ilikuwa imejitokeza, wala hakuwa amegusa chochote. Simu ilikuwa imejiunganisha yenyewe, kama inavyojiunganisha mtu anapofika kwake. Akasoma jina la mtandao.

*Mbinga.*

Mbinga ni mji wa kwao. Jina hilo aliliandika yeye mwenyewe, miaka mitatu nyuma, siku aliponunua kisanduku cha wifi, ruta ya kwanza ya nyumba yao. Agosti walipoletewa ruta mpya, Apolonia, ambaye hatupi kitu kinachowaka, aliitia ile ya zamani kwenye mfuko mmoja na sufuria mbili na blanketi, akampa Bi Rukaya. Modestus ndiye aliyeubeba mfuko mpaka kwenye gari.

Akasimama pale ukumbini, maana alikumbuka na la pili. Septemba, akiwa kwenye foleni ya dukani, Bi Rukaya alimpigia. "Mwanangu, ile box mlonipa, huu waya niutie tundu gani?" Naye, huku akimpa mwenye duka kadi, akajibu, "Lolote la njano, mama." Hakumuuliza yuko wapi. Alidhani yuko nyumbani kwake. Angesema tundu la buluu, lile la kupokea mtandao, kifaa kingetulia tuli na asingekatikiwa mtu. Njano ndiyo iliyokigeuza mgawaji.

~

Chumba cha nyaraka kilikuwa na kuta za bati nene na simu haikushika mle hata nukta moja. Bi Rukaya alikuwa ameketi juu ya kasha, mtandio umemteleza, simu kaishika kwa mikono miwili. Ruta ilikuwa sakafuni nyuma ya makasha, inakonyeza taa zake za kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo, mwanangu, njoo upesi! Leo yuwanijua!"

Kwenye kioo cha simu alionekana bikizee amelala ubavu, taa ya ukutani inamwangazia nusu ya uso. Mkono wa mtu, kaka yake Bi Rukaya, ulikuwa unamshikia simu.

"Mama, huyu ni Modestus, yule n'lokwambia."

"Mtoto wa nani?" aliuliza bikizee.

"Ni mwanangu, mama."

Bikizee akamtazama Modestus kwa makini, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kumuuliza kama amekula. Modestus alijibu kwamba amekula. Kiunoni simu ya kazi ilikuwa ikitetemeka mfululizo. Kule mbele laptop zilikuwa zinakatika moja baada ya nyingine, na yeye alisimama pale dakika sita nzima, kwa sababu hakupata mkono wa kuuchomoa waya ule.

Video ilipokatika yenyewe, alisema, "Mama, hii box hapa hairuhusiwi."

"Kwani yala nini? Kitu kidogo hivi." Kisha akamwona uso, naye wake ukabadilika. "N'lijaribu simu tupu, haishiki mumu. Na mamangu hunijua magharibi tu, taa zikishawashwa. Magharibi ya kule ni saa nne ya hapa, ndipo huiwasha hii box. Nikitoka kazini keshalala. Siku nyingine yakubali, siku nyingine yakataa, lakini ikikubali..." Hakumaliza. "Nimekosa?"

"Kidogo tu. Nitaichukua mimi. Usimwambie mtu, hili limekwisha."

"Haitakutia taabu?"

"Haitanitia, mama."

Alitoka na ruta chini ya koti, akaingia chooni, akafunga mlango. Pembeni mwa ruta kuna kitundu kidogo kinachofuta kila kitu. Alinyoosha kibanio cha karatasi, akakisukuma mle, akahesabu mpaka kumi. Taa zikazima zote, zikawaka upya. Mbinga haikuwapo tena, wala jina lake lolote ndani ya kifaa kile. Baadaye alijiambia kwamba alifanya vile bila kufikiri. Ukweli ni kwamba alifikiri sana, ila alifikiri upande mmoja tu.

~

"Andika umeiokota, hujui ya nani," alisema Apolonia. Walikuwa mezani, jua la jioni bado liko dirishani, Clara amekaa mbele ya televisheni.

"Kile chumba anafanya kazi yeye peke yake. Tundu lina namba. Wakijua nimeficha, nimekwisha."

"Basi andika ni yetu, tulimpa sisi, na wewe ndiye uliyemwambia tundu la njano."

Modestus alimtazama Clara. Ndege ilipita, madirisha yakalia, ikaenda zake.

"Huwezi," alisema Apolonia.

"Nikiandika hivyo Ijumaa tunafungasha. Clara..."

"Usimtaje mtoto." Apolonia aliweka viganja juu ya meza. "Yule mama alinikanda siku arobaini. Alinifulia damu yangu, Baba Clara. Mama yangu mzazi hakunifulia."

"Najua."

"Na anasubiri uraia. Unajua hilo pia."

"Najua, Mama Clara. Najua yote. Sasa nifanyeje?"

Apolonia alimkazia macho, na ndipo alipomwelewa mumewe sawasawa. "Aa. Unataka niseme mimi. Unataka niseme mwandike, ili kesho na keshokutwa uwe umemsikiliza mkeo."

Modestus alikuwa ameguswa pale pale.

"Haya," alisema Apolonia. "Mwandike."

Akainuka, akafungulia bomba la sinki, akaosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

~

Alhamisi saa mbili na nusu Modestus aliandika ripoti. Fomu ilikuwa na maswali yake. Kifaa gani? Kilikuwa wapi? Nani alikiweka? Hapo aliandika jina la Bi Rukaya, jina kamili, pamoja na namba ya kitambulisho chake cha kazi. Swali la mwisho liliuliza kama kuna mtu wa kitengo cha kompyuta aliyehusika. Kitengo cha kompyuta kilikuwa ni yeye. Angeweza kuandika "hapana" akaachia hapo. Lakini mwenye hofu hupenda kupigilia msumari wa pili, akaandika: *Mfanyakazi aliweka kifaa hiki kwa uamuzi wake mwenyewe, bila ruhusa wala ushauri wa mtu yeyote.* Akatia sahihi, akatuma. Wifi haikukatika. Ripoti ilifika Houston kabla hajaondoa kidole.

Ijumaa saa nne watu walitoka kikaoni, wakafungua laptop zao, na hakuna hata moja iliyokatika. Mtu akapiga makofi, wengine wakafuata. Yule wa kuchechemea alikwenda kubandua karatasi mlangoni, akaikunja, akampa Modestus kama zawadi. Bi Darlene alimwita pembeni.

"Mwaka mzima, Mo. Houston wamekubali. Nimewaambia hatuwezi kukuachia."

Modestus alishukuru. Alitaka kukaa, ampigie Apolonia.

"Kitu kimoja tu kabla hujaenda," alisema Bi Darlene. "Yule mwanamke wa nyaraka yuko na mtu wa ofisi ya wafanyakazi. Anasema Kiingereza cha karatasi hakielewi, anataka mtu wa kumtafsiria. Ametaja jina lako."

"Si kuna huduma ya tafsiri kwa simu?"

"Hiyo mpaka Jumatatu. Wanataka wamalize leo."

~

Chumba kilikuwa kidogo, na meza ilikuwa na vitu vitatu: faili, kitambulisho cha kazi cha Bi Rukaya, na ruta ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe mwekundu wa gundi. Mlinzi alisimama mlangoni. Bi Rukaya alipomwona Modestus mabega yalimshuka.

"Alhamdulillahi, umekuja. Nimewambia kama hayupo huyo sisemi neno."

"Shikamoo, mama," alisema Modestus.

"Marahaba, mwanangu. Keti hapa."

Akaketi alipooneshwa, ubavuni mwake. Mwanamke wa ofisi ya wafanyakazi alifungua faili, akasema atasoma ripoti sentensi moja moja, naye atafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Akaanza. Tarehe. Namba ya tundu. Saa laptop zilipokuwa zikikatika. Modestus alitafsiri akiutazama ule mfuko wa plastiki. Lilipofika jina la Bi Rukaya na namba yake ya kitambulisho, akavitafsiri navyo, ijapokuwa jina halitafsiriki. Bi Rukaya aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mtu anayesikia mambo ya nyumba ya mwingine.

"Mfanyakazi aliweka kifaa hiki kwa uamuzi wake mwenyewe," alisoma yule mwanamke, "bila ruhusa wala ushauri wa mtu yeyote."

"Wanasema... mfanyakazi alikiweka kwa uamuzi wake mwenyewe. Bila ruhusa."

Akakwama hapo.

"Kuna neno limebaki," alisema yule mwanamke kwa upole.

"Wala ushauri wa mtu yeyote," alisema Modestus.

Bi Rukaya aligeuka, akamtazama. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo. Kisha akaivuta karatasi taratibu, akaiteremkia kwa kidole mpaka chini kabisa, kwenye sahihi. Kiingereza cha karatasi hakukielewa, lakini kusoma jina la mtu alijua. Kidole kilisimama chini ya jina lile, kikakaa.

"Muulize kama haya ni kweli," alisema yule mwanamke.

"Wanauliza kama ni kweli, mama."

"Waambie ni kweli."

"Anasema ni kweli."

"Kifaa alikipata wapi?"

Modestus aliliuliza swali hilo kwa Kiswahili. Angetaja nyumba yake tu, mwaka mzima wa asubuhi ile ungekwisha kabla ya chakula cha mchana.

"Waambie n'likinunua gulioni, Mansfield," alisema Bi Rukaya. "Kwa mtu nisomjua."

"Alikinunua gulioni, Mansfield. Kwa mtu asiyemjua."

"Na nani alimwonesha namna ya kukichomeka?"

"Waambie hapana mtu. Ni mimi na ujinga wangu."

Modestus alitafsiri na hilo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na chini ya aibu ile, Mungu amsamehe, aliona nafuu.

Yule mwanamke alifunga faili. Alieleza kwamba kazi imekwisha leo, kitambulisho hakirudi, na jina litapelekwa kwa wanaotoa vibali vya kufanya kazi maeneo ya uwanja wa ndege. Modestus akayapitisha yote, moja baada ya jingine.

"Jina langu likenda huko," aliuliza Bi Rukaya, "na uraia wangu je?"

"Anauliza habari ya uraia wake."

"Hilo silijui mimi. Samahani."

"Anasema hilo halijui, mama. Anasema samahani."

Bi Rukaya aliweka sahihi pale alipooneshwa. Akaurekebisha mtandio, akausogeza mkoba begani, akasimama kwa kushika ukingo wa meza, kwa sababu magoti hayakuwa mazuri tena. Modestus aliinuka kumsaidia. Akaukwepa mkono wake bila kishindo.

"Umetafsiri vizuri, mwanangu," alisema. "Hukuongeza, hukupunguza. Msalimie Apolonia. Mwambie Jumapili sitakuja."

Mlinzi alimfungulia mlango, wakatoka. Yule mwanamke wa ofisi ya wafanyakazi alikuwa bado ameshika kalamu juu ya fomu.

"Amesemaje hapo mwisho?" aliuliza. "Natakiwa kuandika kila kitu."

Modestus alikisogeza kiti mezani.

"Amesema asante," alijibu.